Nimetengeneza kengele ya kuwacheka wachapakazi. Sasa bosi mmoja anataka kuinunua aitumie kweli

BintiKaloleni (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wadau, nahitaji ushauri na hadithi ni ndefu, kwa hivyo vuta stuli.

Mchana mimi huchora matangazo. Nimechora vinywaji vya kuongeza nguvu, shajara za kupanga siku nusu saa kwa nusu saa, na programu ya simu inayokuamsha saa kumi alfajiri ikikukumbusha kwamba matajiri wameshaamka. (Mama mboga wa kwetu huamka saa tisa. Sijasikia akialikwa kuhutubia watu kuhusu siri ya mafanikio.) Mwaka wa sita ulipoingia nikaanza kuona haya kidogo, nikasema ngoja nitengeneze kitu cha kujicheka.

Nikaenda Kamukunji, hapa Nairobi, kwa fundi wa mabati ambaye hunitengenezea masanduku. Nikamwambia nataka kengele ya kufungwa kwenye mkokoteni, iwe inalia kila mvutaji akifikisha hatua 10,000, kumpongeza. Fundi akaniangalia akauliza, "Mkokoteni wa nani?"

Hiyo 10,000 wengi hudhani ilitoka kwa daktari. Ilitoka kwa muuzaji. Mwaka 1965, Olimpiki ya Tokyo ikiwa imepita mwaka mmoja tu, kampuni ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Nambari iliingia masikioni vizuri, ikakaa, na leo iko kwenye kila saa ya mkononi pale Westlands.

Sasa mtambo. Gurudumu la mkokoteni wetu, ambalo ni tairi kuukuu la gari dogo, lina mzingo wa kama mita 1.8. Mtu aliyebeba mzigo hupiga hatua fupi, sentimita 60 hivi, kwa hivyo kila mzunguko ni hatua tatu. Fundi akapanga gia tatu, kila moja ikipunguza mizunguko mara 15. 15 mara 15 mara 15 ni 3,375. Zidisha kwa tatu upate hatua 10,125. Nikamwambia zimezidi 125. Akasema hizo ni za nyongeza, hata mama mboga huongeza.

Ijumaa moja saa kumi na moja alfajiri tukaufunga kwenye mkokoteni wa kaka mmoja anayebeba viazi kutoka soko la Marikiti. Nilikuwa nimemlipa siku yake, na hesabu zangu za mtu wa ofisini ziliniambia kengele italia saa sita, saa saba hivi. Ililia saa mbili na dakika ishirini asubuhi, katikati ya barabara ya Haile Selassie, magunia sita yakiwa juu na basi likimpigia honi nyuma.

Akasimama ghafla, akidhani nati imetoka. Nikamweleza kwamba hapana, unapongezwa, umetembea hatua elfu kumi. Akauliza, "Inaongeza bei ya gunia?" Haiongezi. "Sasa anayenipongeza ni nani?" Nikamwambia kuna watu huvaa saa za kuwahesabia hatua, na wengine hulipa kila mwezi kwenda mahali wakakimbie bila kutoka walipo. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kufikia jioni ililia mara tatu, na kila ikilia wenzake wanampigia makofi: "Mdosi, umepandishwa cheo!"

Mwezi uliopita tukaupeleka kwenye maonyesho madogo ya pamoja, upande wa Kilimani. Wageni waliuvuta wakizunguka ukumbi, glasi ya mvinyo mkono mmoja, wakapigana picha. Hakuna aliyefikisha kengele. Halafu akaja bwana mmoja nadhifu, beji ya kazini bado iko shingoni, msimamizi wa wafanyakazi katika kampuni ya mauzo. Yeye hakucheka. Alipima kengele kwa shubiri. Anataka mtambo bila mkokoteni, autundike ukutani ofisini, kila mtu akifunga mauzo azungushe mkono, timu ikifikisha lengo kengele ilie. Ametaja shilingi 85,000.

Nina kodi ya miezi miwili imelala. Na niliyemlenga ameupenda mshale. Niuze?

Mzee_Jogoo (saa 2:51 usiku)

Uza. Uzi ufungwe.

Kondaa_46 (saa 3:05 usiku)

Dada, hiyo kengele sisi kwa matatu tunayo miaka mingi, inaitwa tageti. Tofauti ni kwamba tukipita tageti hakuna kinacholia. Tajiri anaamka kesho anapandisha tageti.

Kwa hivyo uza, lakini mwambie huyo mdosi ikilia mara mbili kwa wiki asije akaagiza gia kubwa zaidi.

BintiKaloleni (saa 3:09 usiku)

Kondaa, ujue ameshauliza kama gia zinabadilishika 😭

Kalamu_Nyekundu (saa 4:30 usiku)

Mimi hufundisha sanaa, kwa hivyo mnisamehe nikirefusha. Binti, uko kwenye ukoo mkubwa kuliko unavyodhani, na mkubwa wa ukoo huo kwangu ni Tehching Hsieh.

Huyu alizaliwa Taiwan. Mwaka 1974 alikuwa baharia, akaruka meli karibu na Philadelphia akaingia Marekani bila karatasi, akawa anaosha vyombo hotelini New York na kufanya vibarua. Tarehe 11 Aprili 1980 aliweka ndani ya chumba chake ile mashine ya kupigia kadi ya kazini, ile ambayo wazee wetu waliofanya kazi viwandani Industrial Area wanaijua. Akaapa atapiga kadi kila saa inapogonga, usiku na mchana, mwaka mzima. Alinyoa kichwa siku ya kwanza, na kila akipiga kadi kamera inachukua picha moja. Mwaka una saa 8,760. Fikiria hakuna siku unayoruhusiwa kulala zaidi ya dakika hamsini na kitu mfululizo. Huwezi kwenda Machakos ukarudi. Huwezi kutazama mpira hadi mwisho.

Picha zote zikiunganishwa ni filamu ya dakika kama sita: mtu yuleyule, sare ileile ya kibarua, nywele zinaota mbele ya macho yako na mikono ya saa inazunguka kama pangaboi. Hakutengeneza kitu kingine chochote mwaka huo. Kazi yake yote ilikuwa kuthibitisha kwamba yuko kazini.

Na sehemu ninayoipenda ni hii. Aliandika makosa yake. Alikosa mara 133: mara 94 alikuwa amelala, mara 29 alichelewa, mara 10 aliwahi mno. Kadi zimewekwa, zina sahihi ya shahidi. Mkaguzi wa hesabu hana la kusema.

Mzee_Jogoo (saa 4:44 usiku)

Mwalimu, na nani alimlipa huo mwaka?

Kalamu_Nyekundu (saa 4:46 usiku)

Hakuna mzee.

Mzee_Jogoo (saa 4:47 usiku)

Basi huyo alikuwa akilima shamba la wakwe.

Mimi nimefanya kazi ya kiwanda miaka 31, hiyo kadi nimeipiga asubuhi na jioni, na hakuna aliyeniita msanii. Nyinyi vijana mna shida moja. Mtu akibandika ndizi ukutani mnasema ni maana. Ile ya Mwitaliano si iliuzwa New York mwaka 2024 dola milioni 6.2, aliyeinunua akaila? Ndizi! Mimi hununua kichana kizima Marikiti na chenji inabaki. Ajizi nyumba ya njaa, tuliimba hivyo shuleni.

Mpiga_Kibodi (Jumanne, saa 7:15 usiku)

Niko macho kwa sababu mteja wangu yuko California, huko bado ni mchana.

Mzee Jogoo, kwa heshima, kadi yako ulipiga mara mbili kwa siku. Mimi nimewahi kufanya kazi ya mtandaoni ambapo programu ilipiga picha ya skrini yangu kila dakika kumi, bila kuniambia ni dakika ipi kati ya hizo, na kuhesabu nimegusa kibodi mara ngapi. Nikisoma karatasi ngumu na kufikiri, asilimia inashuka. Nikicharaza upuuzi na kufuta, inapanda. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kufikiri hakulipwi.

Kwa hivyo nilifunga kipanya kwa uzi kwenye feni inayogeuza shingo. Feni ikienda kushoto kipanya kinafuata, ikirudi kinarudi. Nililala dakika arobaini, alama zangu zilikuwa bora kuliko siku ninayofanya kazi kwa bidii. Niliona nimegundua kitu kipya duniani.

Halafu nikakuta kuna wasanii wawili, Tega Brain na Surya Mattu, ambao mwaka 2015 walifanya mchezo huohuo na vile vikuku vya kuhesabu hatua. Kule Marekani kampuni za bima zilikuwa zimeanza kutoa punguzo kwa mteja anayeonyesha kwamba anatembea sana. Hawa wakaonyesha jinsi ya kufunga kikuku kwenye ile mashine ya kupigia mapigo ya muziki, kwenye gurudumu la baiskeli, kwenye mbwa, hata kwenye drili. Wewe umeketi, drili inafanya mazoezi. Walitengeneza na video zake kama tangazo halisi, zimepigwa msasa, sauti nyororo, kila kitu.

Ukizitazama unacheka, kisha unashangaa kama kuna mtu mahali anazifuata kwa dhati kwa sababu bima imemshinda kulipa.

BintiKaloleni (saa 12:20 asubuhi)

Mpiga Kibodi, feni yako ingekuwa kwenye maonyesho ingenifunika kabisa. Bado unayo?

Mpiga_Kibodi (saa 12:31 asubuhi)

Ninayo. Iko kazini.

MkuuWaKijiwe (saa 3:00 asubuhi)

Habari za asubuhi wakuu, nawasalimu kutoka Dar. Hii mada imenikuta kwenye foleni ya Ubungo kwa hiyo muda ninao.

Mjapani Kenji Kawakami alishamaliza hili. Ana vitu anaviita chindogu, vifaa vinavyotatua tatizo lako kweli, ila ukivitumia hadharani unaona aibu kuliko kubaki na tatizo. Kuna siagi iliyowekwa ndani ya kitu kama gundi ya kupaka, unaisukuma inatoka. Kuna kofia yenye karatasi nzima ya chooni juu kwa mwenye mafua. Kuna viatu vya paka vyenye brashi chini, paka akizurura nyumba inapanguswa. Mkuu, paka naye kapewa ajira!

Sasa nikupe jibu la swali lako. Chindogu zina sheria zake, na mojawapo ni kwamba hakiuzwi. Na wala hakisajiliwi hataza. Kikiuzwa tu, kimekufa, kimekuwa bidhaa. Kwa sheria hiyo, dada, jamaa wa 85,000 anakuja kufanya mazishi.

Ila nikwambie na upande wa pili. Mwaka 1995 kitabu chake cha vitu vya kipuuzi kilikuwa na picha ya fimbo ya kushikia kamera ili mtu ajipige picha mwenyewe. Watu walicheka. Leo nenda Kariakoo, nenda huko kwenu Moi Avenue, hiyo fimbo inauzwa na machinga na hakuna anayecheka. Soko lilisubiri tu.

MwanaMvita (saa 5:10 asubuhi)

Nimesoma yote, Mzee Jogoo shikamoo, lakini hiyo methali umeipokea na kuitumia vibaya. Ajizi ni kuacha lililokupasa. Mtu aliyemaliza lake akaketi barazani si ajizi huyo.

Nyinyi watu wa Nairobi mwatuita sisi wa Mombasa wavivu. Hamuoni basi mabasi na treni zikija mwezi wa Desemba, nyote mwaja huku? Mwaja kununua kile kile mnachotucheka, na mwakilipia kwa usiku. Sijaona mtu wa Mombasa akenda Nairobi likizo.

Nami swali langu kwa Binti ni moja tu. Yule kaka wa mkokoteni umemuuliza?

BintiKaloleni (saa 5:25 asubuhi)

Sijamuuliza dadangu. Umenishika pabaya.

Kalamu_Nyekundu (saa 7:40 mchana)

MwanaMvita kagusa mahali ambapo mifano ya ng'ambo huanza kuvuja, hata ile ninayoipenda.

Angalia hii. Mwaka 2016 Maria Eichhorn alialikwa na jumba la Chisenhale, London. Aliwaambia wafanyakazi wa jumba lile wafunge mlango waende nyumbani wiki tano, mshahara kamili. Wiki 5, siku 25, saa 175, na hilo ndilo lilikuwa jina la onyesho. Ukifika unakuta tangazo getini. Safi sana. Au Pilvi Takala wa Ufini: mwaka 2008 alikaa mwezi mzima kama mfanyakazi wa mafunzo katika kampuni ya ukaguzi Helsinki, akiketi mezani bila kufanya lolote. Akiulizwa anasema anafanya kazi ya ubongo. Siku moja alishinda ndani ya lifti akipanda na kushuka. Wenzake wakaanza kuandikiana barua pepe za wasiwasi. Hawakukasirika kwamba anazembea, kwa maana huko ofisini nusu ya watu walikuwa kwenye mitandao. Kilichowaudhi ni kwamba hakujisumbua hata kujifanya.

Zote mbili zinasimama juu ya mshahara. Mtu ana kazi, kisha anaiacha kwa muda, na kuacha kwake kunakuwa tamko. Chukua wazo la Eichhorn ulilete kwa yule kaka wa viazi: mwambie asivute mkokoteni wiki tano. Hilo si onyesho, hiyo ni njaa, na inatokea kila akiugua malaria bila msanii yeyote kuhusika.

Hapa kwetu aliyeishi jambo hili ni Sane Wadu. Alikuwa mwalimu, kazi ya mshahara na pensheni, akaiacha miaka ya 1980 ili achore. Watu wakasema ameingiwa na wazimu. Akajibu kwa kubadilisha jina: Sane, neno la Kiingereza la mwenye akili timamu. NCAI, taasisi ya sanaa ya Nairobi, walipofungua ukumbi wao pale Rosslyn mwaka 2022 walianza na michoro yake ya miaka na miaka. Watu walimcheka kwa kuacha kazi huku anafanya kazi kuliko wao wote. Ila ya kwake haikuwa na risiti ya mwisho wa mwezi.

Mzee_Jogoo (saa 8:02 mchana)

Huyo wa lifti ningemfuta siku ya pili.

Wa kubadilisha jina nimempenda.

Mjukuu_wa_Kipande (saa 1:30 jioni)

Huwa nasoma tu, siandiki. Lakini kuna kitu kimenikwaruza tangu jana na ni ile sentensi ya Binti, "beji ya kazini bado iko shingoni".

Nyumbani kwetu Murang'a kuna kikebe cha bati kilichokuwa cha babu. Ndani kulikaa kipande chake. Kwa wasiojua: sheria ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, kuanzia 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi na mshahara. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huendi popote. Ukionekana barabarani wewe ni mtoro. Karatasi ilitunzwa ndani ya kikebe cha chuma, na kikebe kilining'inizwa shingoni kwa kamba.

Mshahara ulioandikwa pale ulikufuata. Bwana mpya akisoma ulilipwa shilingi sita, kwa nini akupe nane? Harry Thuku na wenzake walilalamikia hili mwaka 1921, wakati walowezi wanataka kukata mishahara kwa theluthi. Machi 1922 Thuku akakamatwa, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi, risasi zikapigwa, Mary Muthoni Nyanjiru akaanguka pale na wengine wengi. Mpaka 1947 ndipo sheria ikabadilishwa.

Sasa sikilizeni jina. Wazee wetu Wagikuyu hawakukiita kikebe kile kwa jina la serikali. Walikiita *mbugi*. Mbugi ni kengele ya mbuzi, ile inayofungwa shingoni ili mchungaji ajue mnyama wake yuko wapi.

Binti, umetengeneza kengele inayolia mtu anapofanya kazi. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilidhani ulijua.

BintiKaloleni (saa 1:52 jioni)

Sikujua.

Nimekaa nayo hii simu mkononi dakika ishirini.

Kondaa_46 (saa 2:10 usiku)

Uzi umegeuka mzito jamani. Nilikuja kucheka.

MkuuWaKijiwe (saa 2:22 usiku)

Mjukuu, heshima yako mkuu. Endelea kuandika.

Mpiga_Kibodi (saa 3:40 usiku)

Skrini yangu inapigwa picha sasa hivi ikiwa kwenye uzi huu. Mchungaji, salamu.

BintiKaloleni (Jumapili, siku ya saba, saa 10:15 jioni)

Naleta mrejesho wa kwanza.

Nilienda Marikiti Jumatano. Kaka alikuwa anakula githeri kando ya mkokoteni. Nikamweleza mtu anataka kununua kengele kwa elfu themanini na tano. Alinyamaza kwanza, akatafuna. Kisha: "Ile iliyokuwa inanisumbua?" Ndiyo. "Na mkokoteni atachukua?" Hachukui. "Basi uza haraka kabla hajaamka."

Nikamwambia namletea sehemu yake, kwa sababu bila miguu yake hakuna kazi. Hakutaka pesa mkononi, alisema itapotea. Alitaka tairi mbili zisizo na viraka na grisi ya kutosha. Tulienda tukazinunua siku hiyohiyo Grogan, na zilizosalia alinihesabia mpaka shilingi ya mwisho, akasema hizo niwatumie watoto wake kwa M-Pesa, nikatuma palepale. Fundi naye nimemlipa. Kodi imelipwa.

Ndiyo, nimeuza. MkuuWaKijiwe, najua, mazishi. Mwalimu jana alinipigia hata akanipa mfano wa yuleyule wa ndizi, Cattelan: mwaka 1993 alipewa nafasi Venice kwenye maonyesho makubwa, akaikodisha kwa kampuni ya matangazo ikatangazia manukato, na kazi akaiita "kufanya kazi ni kazi mbaya". Kwa hivyo kuna waliouza hadi ukuta. Imenifariji nusu.

Lakini kabla ya kuikabidhi nilirudi Kamukunji. Fundi akatia patasi ndani ya kengele, upande usioonekana mpaka uinamishe kichwa, akachonga neno moja: MBUGI. Kwenye risiti, pale pa jina la kazi, nimeandika hilohilo. Bwana alilisoma, akasema ni jina zuri, lina ladha ya Kiafrika.

Mjukuu_wa_Kipande (saa 10:19 jioni)

🙌🏾

Mzee_Jogoo (saa 10:40 jioni)

Binti yangu, hapo sasa nimeelewa sanaa.

MwanaMvita (saa 11:02 jioni)

Na tairi umemnunulia. Haya, nimekusamehe.

Kondaa_46 (wiki tano baadaye, Alhamisi, saa 1:20 jioni)

Nimefufua uzi. Dada kengele inaendeleaje? Wamepandisha tageti?

BintiKaloleni (saa 3:33 usiku)

Kondaa una nyota, leo ndiyo nimetoka huko. Waliniita nije kuitengeneza.

Wiki ya kwanza, kumbe, iliwaka moto. Watu walizungusha kwa kila kitu. Mmoja alizungusha kwa kutuma barua pepe. Kengele ililia mara nne kabla ya Alhamisi na mauzo hayakusogea. Bwana akaweka kanuni kwamba lazima uonyeshe ankara kwanza, kukawa na foleni na mtu wa kukagua ankara, na anayekagua naye akataka zamu zake zihesabiwe. Wiki ya tatu gia ya kati ikakatika meno. Fundi alishaniambia bati lile si la kudumu, tulilipima kwa maonyesho ya siku kumi.

Nilipofika leo, mkono wa kuzungushia ulikuwa umefungwa kwa gundi ya karatasi na bango la "usiguse". Nikauliza sasa mbona mmeniita, si imekufa? Msichana wa mapokezi akasema hapana, kengele yenyewe inatumika, wanataka nipandishe kamba iwe karibu na jikoni.

Jikoni kuna mama mmoja anayepika chai. Mtu wa Murang'a. Siku ile ya kwanza alipanda kiti kuipangusa vumbi, akainamisha kichwa, akasoma. Aliniambia alicheka peke yake mpaka akashuka kwenye kiti. Tangu gia ikatike, ikifika saa nne asubuhi anavuta ulimi wa kengele kwa mkono, mara tatu, na sakafu nzima inaacha simu na kompyuta na kuja mbio na vikombe, beji zikiwapiga kifuani. Bwana yule naye yumo kwenye foleni. Mama anawahesabu wakipita, kwa Kigikuyu, kimoyomoyo.

Nimepandisha kamba. Sikulipisha.

Mjukuu_wa_Kipande (saa 3:41 usiku)

Nimesoma hii nikiwa kwa basi na watu wamenigeukia.

Mpiga_Kibodi (saa 3:50 usiku)

Je, fundi ameulizwa kutengeneza gia?

BintiKaloleni (saa 3:54 usiku)

Nilimwuliza. Amesema atakuja wakilipa nauli na chai.

MkuuWaKijiwe (saa 4:05 usiku)

Mkuu, chai yenyewe ni ya maziwa au ya rangi?

BintiKaloleni (saa 4:07 usiku)

Saa nne ni ya maziwa. Saa kumi ndiyo strungi, na hiyo hawaigongei kengele.